Cinderella wa Katuni na Cinderella wa Siku Hizi: Mtoto wa Kulelewa Anakaa Wapi Nyumbani?

Mwezi huu ukurasa wa familia unazungumzia filamu. Tunajua wazazi wengine watasema: "Filamu tena? Watoto wanashinda kwenye kibanda cha video mpaka wanasahau kuchota maji, na ninyi mnawaongezea!" Tunaomba mtuvumilie kidogo. Filamu tunayoileta inagusa jambo lililomo katika nyumba nyingi hapa kambini, nalo ni mtoto anayeishi katika nyumba ambayo hakuzaliwa.

Filamu yenyewe ni Cinderella. Wale waliosoma shule kwa Kifaransa, kule Kongo au Burundi, wanamjua kwa jina la Cendrillon. Ni yule msichana yatima aliyefanywa mtumishi na mama wa kambo, akaenda ngoma ya mfalme kwa gari lililotokana na boga, akarudi na mguu mmoja peku kwa sababu kiatu cha kioo kilibaki kwenye ngazi. Kampuni ya Walt Disney ya Marekani imeitengeneza mara mbili kwa ajili ya majumba ya sinema. Ya kwanza ni ya katuni, ilitoka mwaka 1950. Ya pili ni ya watu, ilitoka mwaka 2015. Kati yake imepita miaka 65.

Tuliziangalia zote mbili, moja baada ya nyingine, wazazi na vijana pamoja. Mabishano yakawa makali! Akina mama walikuwa na yao, wasichana wakawa na yao. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Hadithi ni ya zamani kuliko filamu

Kwanza tuweke jambo moja sawa. Hadithi hii haikutungwa na watu wa sinema. Mfaransa Charles Perrault aliiandika mwaka 1697, na kwake ndiko tunapata boga, kiatu cha kioo na yule mama wa ubatizo mwenye miujiza. Baadaye ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, waliiandika kwa namna yao mwaka 1812. Ya kwao ni kali. Hakuna boga. Kuna mti unaoota juu ya kaburi la mama, na msaada unatoka hapo. Dada wa kambo wanajikata mguu ili uingie kwenye kiatu, mmoja kidole, mwingine kisigino.

Hata Ulaya haiwezi kusema hadithi hii ni yake peke yake. Wachina walikuwa na msichana anayeitwa Ye Xian katika kitabu cha karne ya 9, miaka mia nane na zaidi kabla ya Perrault. Yeye rafiki yake alikuwa samaki, na kiatu chake kilikuwa cha dhahabu. Na sisi tuliokaa karibu na moto wa bibi zetu, nani hajasikia hadithi ya yatima na mama wa kambo? Kila kabila lina ya kwake. Mahali pote ambapo mzazi anaweza kufa na kuacha mtoto, watu wamekaa wakajiuliza: huyu mtoto sasa atakula na nani?

Filamu ya mwaka 1950

Filamu ya katuni ilitoka wakati kampuni ya Disney ilikuwa na hali mbaya. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimefunga soko la Ulaya, na kampuni ilikuwa na deni la zaidi ya dola milioni 4. Kama filamu ile ingeshindwa, pengine leo tusingesikia jina la Disney. Ili wasipoteze fedha, walipiga kwanza picha za watu halisi wakiigiza, ndipo wachoraji wakachora kwa kufuata mwendo wao. Ndiyo maana Cinderella yule anatembea na kugeuza shingo kama mtu kabisa. Filamu ilipendwa, na kampuni ikapata nafuu.

Ni filamu fupi, dakika 74 hivi. Mwanzo wake ni wa haraka sana. Msimuliaji anasema mama alikufa, baba akaoa mjane mwenye mabinti wawili, baba naye akafa, mali ikaliwa, msichana akawa mtumishi katika nyumba ya baba yake. Yote hayo kwa dakika chache tu! Ukienda kutafuta kiti umeyakosa.

Baada ya hapo sehemu kubwa ni ya wanyama. Kuna panya Jaq na Gus, ndege, mbwa Bruno, na paka mmoja mnene, mbaya, anayeitwa Lucifer. Watoto wetu walicheka mpaka wakalala chini. Panya wanaongea, wanavaa vijinguo ambavyo Cinderella amewashonea, wanaiba mahindi ya kuku mbele ya pua ya paka. Ukihesabu, panya wana kazi nyingi katika filamu ile kuliko mwana wa mfalme. Huyo mwana wa mfalme hata jina hapewi, na maneno yake ni machache kama ya mgeni asiyejua lugha.

Filamu ya mwaka 2015

Hii iliongozwa na Kenneth Branagh, Mwingereza aliyezaliwa Belfast. Lily James ni Ella, Cate Blanchett ni mama wa kambo, Richard Madden ni mwana wa mfalme, na safari hii ana jina, anaitwa Kit. Ni ndefu zaidi, karibu saa moja na dakika 45. Ilikusanya zaidi ya dola milioni 500 duniani.

Tofauti inaanza mapema. Hapa tunamwona mama mzazi akiwa hai. Tunamwona akicheza na mtoto wake, kisha anaugua, kisha anamwita mtoto kitandani na kumwachia usia: awe jasiri, na awe mwema. Tunamwona baba akifunga safari. Mabinti wa kambo wanamwagiza nguo na vitu vya madoido, lakini Ella anaomba tawi la kwanza litakalogusa bega la baba njiani, kwa sababu tawi hilo atalibeba akimkumbuka, na lazima arudi nalo. (Hili la tawi limetoka kwa akina Grimm.) Siku moja mtu anabisha hodi. Tawi limefika, baba hakufika.

Chumba kilinyamaza hapo. Hakukuwa na haja ya kumweleza mtu yeyote maana ya kupokea kitu cha marehemu mkononi mwa aliyekuwa naye njiani.

Chumba, sahani, jina

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike makala hii.

Katika katuni, mama wa kambo ni mbaya tangu anapotokea. Unamwona uso, unasikia sauti, umeshajua. Sauti ile ni ya Eleanor Audley, ambaye mwaka 1959 alitoa pia sauti ya yule mchawi Maleficent katika filamu ya Sleeping Beauty. Kwa hiyo mtazamaji anapumzika. Anasema: "Huyo ni shetani, mimi si shetani, basi hainihusu."

Filamu ya 2015 haikupi nafasi hiyo. Inakuonyesha jinsi mtoto anavyoshushwa kidogo kidogo, na kila hatua ina sababu nzuri.

Hatua ya kwanza ni chumba. Mabinti wawili wanabanana, wanagombana. Ella mwenyewe, kwa wema, anasema wachukue chumba chake kwa kuwa ni kikubwa. Mama wa kambo anamshukuru sana, na kumwambia alale darini. Kwa muda tu! Wapangaji wa maneno "kwa muda tu" tunawajua. Muda huo hauna mwisho.

Hatua ya pili ni kazi. Baba amekufa, fedha hakuna, mama wa kambo anauliza wataishije. Ni swali la kweli, si la uchawi. Basi watumishi wanaachishwa, na kazi yao nani ataifanya? Yule aliyezoea kusaidia.

Hatua ya tatu ni sahani. Ella amepika chai ya asubuhi, ameandaa meza, naye ameweka sahani yake. Mama wa kambo anatazama sahani ile na kuuliza ni ya nani, kama kuna mtu amesahauliwa. Kisha, kwa sauti laini kabisa, anasema ni mzigo mkubwa mno Ella kupika, kugawa, na bado kukaa nao mezani. Je, si afadhali ale baadaye, kazi zote zikiisha? Hakupiga, hakutukana. Amemwonea huruma mpaka amemwondoa mezani.

Hatua ya nne ni jina. Dari lina baridi, kwa hiyo Ella alilala karibu na moto akaamka na majivu usoni. Dada zake wakacheka, wakachanganya majivu na jina lake, ikawa Cinderella. Mama mtu akaona ni utani mzuri, akaanza kumwita hivyo naye. Kuanzia hapo Ella hakuitwa tena Ella.

Chumba, kazi, sahani, jina. Jamani, hatua hizi si za Ulaya peke yake. Hapa kwetu nyumba ni za udongo na turubai, hakuna darini. Lakini yupo mtoto anayelala kwenye mkeka karibu na mlango wakati wengine wako ndani zaidi. Yupo anayekwenda kusimama foleni ya maji alfajiri, kila siku yeye, na wenzake wanafika shuleni mapema. Yupo anayeambiwa "wewe utakula baadaye, subiri wadogo washibe," na wadogo hao wamempita umri. Na majina! Wapo watoto wanaoitwa "yule wa marehemu," "huyo wa njiani," au "wa kuokota". Mwenye nyumba anasema ni utani. Mtoto hacheki.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni kweli, na mtoto wa kulelewa afanye kazi kama watoto wengine wa nyumba. Kazi si ubaya. Lakini methali ilisema mpe jembe, haikusema watoto wako uwanyang'anye majembe ili yote ayabebe yeye.

Na posho je? Mtoto aliyeandikwa kwenye kadi yako, chakula chake kimehesabiwa pamoja na chenu. Mgao ukipunguzwa, umepunguzwa kwa wote, yeye pamoja na wewe. Haiwezekani kwenye kadi awe mtu mzima mmoja, na kwenye sufuria awe nusu.

Mama wa kambo naye ana lake

Hapa ndipo akina mama walipobishana zaidi. Mama mmoja alisema: "Hii filamu mpya inamtetea mkosaji." Mwingine akamjibu: "Haimtetei, inamweleza."

Katika filamu ya 2015 mama wa kambo anapata nafasi ya kusimulia habari zake. Aliolewa kwa mapenzi, mume wake wa kwanza akafa, akabaki na mabinti wawili. Akaolewa tena kwa ajili ya mabinti hao. Na kabla mume wa pili hajasafiri, alimsikia kwa masikio yake akimwambia Ella kwamba bado anampenda yule marehemu. Fikirini mtu anayesimama nyuma ya mlango na kusikia hayo. Baadaye Ella anapomuuliza kwa nini ana ukatili namna ile, anajibu kwa kuutaja ujana na wema wa Ella, kisha sentensi inamkatikia mdomoni. Haimalizi.

Tumekaa na jambo hili siku kadhaa. Kambi yetu imejaa wajane na wagane. Watu wameoana huku kila mmoja akiwa na watoto wake na na marehemu wake. Mwanamke anapopokea mtoto wa mke aliyetangulia, au wa dada aliyepotea njiani, hapokei mtoto tu. Anapokea uso unaofanana na mtu mwingine. Mchana kutwa uso ule unazunguka nyumbani. Kama hana wa kumwambia uchungu wake, uchungu utatafuta mahali pa kutokea, na mara nyingi utamtokea yule mdogo asiyeweza kujibu.

Kumwelewa mama huyo si kumruhusu. Tunachosema ni kwamba akisaidiwa mapema, mtoto ameokolewa. Mume asimwachie mkewe mzigo peke yake kisha akashinda kijiweni. Na kumsifu marehemu mbele ya aliye hai, ndugu zangu, ni kumtupia mtoto makaa ya moto mgongoni.

Nguo ya mama

Filamu zote mbili zina nguo ya mama mzazi. Msichana anataka kwenda ngoma, hana nguo, anatoa nguo ya zamani ya marehemu mama yake ili airekebishe.

Katika katuni, panya na ndege wanaimalizia wakati yeye anafanya kazi, wakitumia ukanda na shanga ambazo dada zake walizitupa. Mama wa kambo haigusi. Anatamka tu neno juu ya shanga zile, kwa upole, na mabinti wanamrukia mwenzao na kuichana. Katika filamu ya 2015 mama wa kambo anaanza kuichana kwa mkono wake mwenyewe, na mabinti wanafuata.

Vijana walipenda zaidi ya 2015 kwa kuwa inaumiza waziwazi. Sisi tunaona katuni ya zamani imesema ukweli mzito hapa. Mkubwa wa nyumba akitamka neno moja la kudharau, watoto wake watalimaliza kwa mikono. Ukiona watoto wako wanampiga au wanamnyanyasa mtoto unayemlea, kabla ya kuwachapa kumbuka ulisema nini juu yake jana jioni, ukidhani wamelala.

Nani anamsaidia?

Katika katuni, wanaomsaidia Cinderella ni wadogo kuliko yeye. Mama wa kambo amemfungia chumbani juu ili asijaribu kiatu. Jaq na Gus wanauiba ufunguo mfukoni, wanauvuta ngazi moja baada ya nyingine. Ufunguo ni mkubwa kuliko wao! Paka anawazuia, mbwa anaitwa, paka anaruka dirishani, mlango unafunguka. Wakati huo kibanda chote kilikuwa kimesimama.

Katika filamu ya 2015 panya ni panya tu. Wanabadilishwa kuwa farasi kwa usiku mmoja, bata bukini anakuwa dereva wa gari, mijusi wanakuwa wahudumu. Ni vizuri kwa macho, lakini urafiki ule wa katuni umepungua. Badala yake kuna jambo jingine. Mama wa miujiza anakuja kwanza akiwa kikongwe maskini, anaomba chochote cha kunywa. Ella anafuta machozi yake, anampa maziwa. Ndipo kikongwe anajionyesha yeye ni nani. Bibi zetu wangeikubali sehemu hiyo bila kutafsiriwa.

Lakini tuseme wazi jambo ambalo filamu zote mbili hazikulisema vizuri. Msichana huyu haendi kumwambia mtu mzima yeyote. Katika ya 2015 mtumishi wa zamani anakutana naye sokoni na kumuuliza kwa nini anakaa mahali anapoteswa. Ella anajibu kwamba aliwaahidi wazazi wake kuitunza nyumba walimoishi kwa furaha. Tunalielewa jibu hilo. Sisi tuliokimbia nyumba zetu tunajua mtu anavyoweza kuipenda nyumba. Hata hivyo mtumishi yule alikwenda zake, na hakuna kilichofanyika. Alikuwa amejua, akanyamaza.

Vijana wetu, kuvumilia na kunyamaza ni vitu viwili. Mtoto anayepigwa, anayenyimwa chakula, au anayeguswa vibaya hatakiwi kuwa "mwema" kwa kukaa kimya. Hapa mama wa miujiza hayupo. Yupo mwalimu, yupo bibi wa nyumba ya tatu, yupo kiongozi wa bloki, na wapo wahudumu wa ulinzi wa watoto. Na sisi majirani tusiwe kama mtumishi wa sokoni, wa kuuliza habari kisha kuendelea na kapu letu.

Mwana wa mfalme si hati ya kusafiria

Kuhusu ndoa, hapa filamu mpya imeishinda ya zamani. Katika katuni, Cinderella anacheza na kijana usiku mmoja bila hata kujua kwamba ndiye mwana wa mfalme. Kesho yake anayezunguka na kiatu ni Duke Mkuu, yaani kama waziri wa mfalme. Mwenyewe yuko nyumbani! Mfalme haulizi habari za msichana, yeye anachotaka ni wajukuu. Kiatu kimeingia, harusi ifungwe.

Katika filamu ya 2015 Ella na Kit wanakutana porini kabla ya ngoma. Kit yuko kwenye msafara wa kuwinda, na Ella anamwomba mnyama yule asiuawe. Wanazungumza wakiwa watu wawili tu, bila kujua vyeo. Baadaye Kit anazunguka na askari wake akiwa amejificha kati yao. Na Ella, kabla ya kuvaa kiatu, anamweleza ukweli: hana wazazi, hana mali, hana gari, je, atampokea hivyo alivyo? Kijana naye anamuuliza swali hilohilo.

Wasichana wetu walishangilia hapo. Tukawaambia: shangilieni, lakini sikilizeni pia. Wapo walioolewa wakiwa na miaka 15 au 16 kwa sababu nyumbani walikuwa Cinderella, na kijana wa kwanza aliyekuja na simu wakamwona Kit. Wakatoka kwenye jiko la mama wa kambo, wakaingia kwenye jiko la mama mkwe. Anayekimbia mateso hana nafasi ya kuchagua. Wazazi, ukimtesa mtoto nyumbani, umeshamwozesha tayari, ila hujamjua mkwe.

Kumbukeni pia kwamba mama wa kambo wa 2015 alimpa Ella biashara kabla ya yote hayo. Alikipata kile kiatu kilichobaki, akasema: nitakuachia uende kwa mwana wa mfalme, lakini mimi niwe mkuu wa nyumba ya kifalme na binti zangu waozwe kwa matajiri. Ella akakataa. Akasema hakuweza kumlinda baba yake, lakini kijana huyu atamlinda. Kiatu kikavunjwa mbele ya macho yake. Katika katuni kiatu kinachovunjwa ni kile cha Duke, na Cinderella anatoa mwenzake mfukoni. Ni ujanja mzuri, tulicheka. Lakini lile la kukataa ndilo tungependa binti zetu walishike.

Mwisho: msamaha

Katuni haina neno la mwisho kwa mama wa kambo. Harusi inafungwa, kengele zinalia, naye hatumwoni tena. Perrault mwaka 1697 aliwasamehesha dada wa kambo na kuwaoza kwa wakubwa. Kwa akina Grimm, katika matoleo ya baadaye, ndege wanawatoboa macho.

Filamu ya 2015 imechukua njia yake. Mama wa kambo anajaribu kumzuia Ella kwa kusema yeye ni mama yake. Ella anamjibu kwamba hajawahi kuwa mama yake na hatakuwa. Kisha, akiwa mlangoni, anageuka na kumwambia amemsamehe. Anatoka. Harudi kuishi naye. Mama yule na mabinti zake wanaondoka katika nchi ile.

Baba mmoja wa makamo aliuliza: "Ni msamaha gani huo wa kuondoka?" Tulijadili mpaka giza likaingia. Maoni yetu ni haya: alisema ukweli kwanza, ndipo akasamehe. Hakujifanya kwamba hakuna kilichotokea. Watu wa kambi hii, wenye mengi ya kusamehe na wengi wa kuwasamehe, wanajua kwamba mtu anaweza kuondoa chuki moyoni na bado asirudi kulala katika nyumba ile.

Basi, ipi tuwaonyeshe watoto?

Kwa wadogo wa chini ya miaka 8, tunashauri ile ya 1950. Ni fupi, wanyama wanafurahisha, na inawafundisha kwamba hata mdogo anaweza kubeba ufunguo. Wenye umri mkubwa zaidi waangalie ya 2015, lakini msiwaache peke yao. Ina vifo vya mama na baba vinavyoonyeshwa polepole, na kwa mtoto aliyepoteza wake, kidonda kinaweza kufunguka. Kaa karibu naye. Akilia, mwache alie, usimfukuze nje.

Na wazazi, ninyi iangalieni ya 2015 kwa ajili yenu wenyewe. Msimtazame sana msichana. Mtazameni mama wa kambo, hasa ile asubuhi ya sahani.

Mazungumzo ya jioni

Haya ni maswali ya kuzungumza nyumbani baada ya chakula. Kila mmoja ajibu, na mtoto mnayemlea aanze.

1. Katika nyumba yetu, nani anachota maji mara nyingi zaidi kwa wiki?
2. Je, kuna anayekula baada ya wengine kila siku? Kwa nini?
3. Kuna jina tunalomwita mwenzetu ambalo halipendi? Tumuulize yeye, tusijijibu.
4. Mtumishi wa sokoni angeweza kufanya nini zaidi ya kuuliza?
5. Ella alisamehe na kuondoka. Wewe ungefanyaje?

Mkishamaliza swali la tatu, mwiteni mtoto kwa jina alilopewa na mama yake mzazi. Kama ninyi hamlijui, yeye analijua.